Dawa ya Daktari Okamoto Isicheleweshwe Tena

Katika mikutano ya chama chetu maradhi hutajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa ndio maadui watatu wa taifa. Maneno hayo twayasema tangu siku za kupigania uhuru, wala hatujachoka kuyasema. Lakini yafaa mara kwa mara tumsogelee adui huyo na kuuliza swali moja: ni kitu gani hasa kinachomfanya atushinde? Pengine jibu ni kwamba dawa ya kumwondoa haijajulikana. Pengine dawa inajulikana, ila nchi haina fedha za kuinunua. Na pengine, hili ndilo linalotia uchungu zaidi, dawa ipo, na bei yake si kubwa, lakini imekaa kabatini miaka mingi kwa sababu mtu aliyeigundua hakusikilizwa. Leo twataka kueleza habari ya dawa ya namna hiyo, na habari ya daktari aliyeitafuta.

Jina lake ni Daktari Utako Okamoto, mwanamke wa Kijapani. Alifariki dunia katika mji wa Kobe tarehe 21 Aprili, 2016, akiwa na umri wa miaka 98. Twaamini kwamba wengi wa wasomaji wetu hawajapata kulisikia jina hilo. Hata hivyo kazi ya mama huyu yaihusu kila nyumba yenye mja mzito, tangu Kigoma mpaka Kilwa.

Bibi Okamoto alizaliwa Tokyo mwaka 1918. Kwanza alianza kusomea uganga wa meno, kisha akauacha, akaingia katika chuo cha udaktari cha wanawake cha Tokyo. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1900 na daktari mwanamke, Yoshioka Yayoi, wakati ambapo wasichana wa Japani waliotaka kuwa madaktari hawakuwa na mahali pengi pa kupokelewa. Alimaliza masomo yake Desemba 1941, mwezi ule ule Japani ilipoishambulia bandari ya Pearl Harbor na kuingia vitani na Marekani. Aliolewa na Shosuke Okamoto, ambaye naye alikuwa daktari na mtafiti. Tangu hapo wawili hao walifanya kazi bega kwa bega, mpaka mume alipofariki mwaka 2004.

Vita vilikwisha mwaka 1945, Japani ikiwa imeshindwa. Sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu ya moto. Chakula kilikuwa haba, na vyombo vya uchunguzi vilikuwa haba zaidi. Hapo awali Bibi Okamoto alikuwa akichunguza habari za ubongo. Sasa, katika Chuo Kikuu cha Keio, yeye na mumewe walilazimika kufikiri upya: ni uchunguzi gani unaoweza kufanywa na mtu asiye na kitu? Wakachagua damu. Sababu waliyoitoa ilikuwa nyepesi tena ya kweli: damu ilipatikana bila ya kununuliwa, na kama isingetosha, wangeweza kutoa yao wenyewe. Twawaomba vijana wetu walio katika vyuo waliweke neno hili moyoni. Watu hawa hawakungoja meli iwaletee vyombo ndipo waanze. Walianza na kile kilichokuwa ndani ya mishipa yao.

Na tueleze kwa kifupi walichokichunguza, kwa maana si jambo gumu kulielewa. Mtu anapojikata, mwili wake hufanya kazi mbili zinazopingana. Kwanza damu huganda: hutokea nyuzi ndogo mno ziitwazo fibrini, nazo husukana mfano wa wavu na kuliziba jeraha. Pili, mwili huo huo hutoa kitu kiitwacho plasimini, ambacho huzikata nyuzi hizo ili damu iliyoganda isibaki mishipani na kuziba njia. Jeraha likiwa dogo, kazi hizi mbili hupatana. Lakini jeraha likiwa kubwa, au mama akiwa amejifungua na damu inamtoka kwa wingi, plasimini huweza kuzidi kiasi. Wavu ukakatwa upesi kuliko unavyosukwa, na damu ikaendelea kumwagika. Ni sawa na mvuvi anayeshona jarife lake mchana, na usiku panya wanalitafuna. Haitoshi kumwongezea mvuvi huyo uzi. Lazima panya wazuiwe.

Daktari Okamoto na mumewe waliamua kumshughulikia panya. Walitafuta kitu kitakachoizuia plasimini isizishike nyuzi za fibrini. Walianzia katika lisini, ambayo ni moja ya sehemu za protini zilizomo katika chakula chetu, wakajaribu vitu vingi vinavyofanana nayo. Katika miaka ya 1950 walipata asidi ya aminokaproiki. Ilifanya kazi, lakini nguvu zake hazikuwatosheleza. Hawakukaa kitako kupokea sifa, walirudi maabarani. Mwaka 1962 walitangaza katika jarida la Chuo Kikuu cha Keio dawa nyingine yenye nguvu mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Dawa iliyotokana na kazi hiyo ndiyo inayoitwa leo asidi ya traneksamiki.

Mtu atadhani kwamba mwanamke aliyefanya kazi kubwa kama hii alipokewa kwa shangwe. Sivyo. Aliposimama kwa mara ya kwanza mbele ya mkutano wa wataalamu kueleza uchunguzi wake, wanaume waliohudhuria walimkejeli, wakamuuliza kama alikuwa amekuja kuwachezea ngoma. Safari nyingine yeye na mwenziwe waliambiwa watoke katika mkutano wa madaktari wa watoto, kwa hoja kwamba mkutano ule haukuwa wa wanawake na watoto. Watu wamekusanyika kuzungumza juu ya afya ya watoto, nao wanamfukuza mama! Na wakati huo Bibi Okamoto alikuwa na binti mdogo. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumwacha mtoto, alimfunga mgongoni akafanya kazi naye maabarani, kama vile mama zetu wanavyolima wakiwa na watoto mgongoni.

Hata hivyo dhihaka hizo hazikuwa dhara kubwa kupita yote. Dhara kubwa lilikuwa hili. Haja ya moyo wa Daktari Okamoto ilikuwa kuwaokoa akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Alijua kwamba ugonjwa huo huua upesi, tena huua wanawake walio katika umri wa nguvu zao. Mwaka 1966 alihamia Kobe, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kobe Gakuin mpaka mwaka 1990. Huko alijaribu kuwashawishi madaktari wa uzazi waijaribu dawa yake kwa akina mama. Hawakukubali. Dawa ikaendelea kutumika kwa mambo mengine, kama vile wanawake wanaopata hedhi nyingi mno na wagonjwa wa damu isiyoganda wanapong'olewa meno. Lakini kwa mama mzazi, ambaye kwa ajili yake dawa ilitafutwa, hakuna aliyefanya jaribio kubwa la kuonyesha wazi kama ingemfaa. Wazee walisema, mdharau mwiba, mguu huota tende. Hapa waliodharau walikuwa wengine, na mguu ulioota tende ulikuwa wa akina mama maskini wa dunia nzima.

Ilipita karibu nusu karne. Mwaka 2010 wataalamu wa chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya nchi za joto cha London walitangaza matokeo ya jaribio lililowahusu majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Katika majeruhi waliopewa dawa ya akina Okamoto, 145 katika kila 1,000 walikufa. Katika wale wasioipewa, walikufa 160 katika kila 1,000. Mtu asiidharau tofauti hiyo. Katika kila majeruhi 1,000, watu 15 walirudi nyumbani kwao ambao wasingerudi. Mmoja wa viongozi wa jaribio hilo, Daktari Ian Roberts, alisafiri mpaka Japani kumwona bibi huyo aliyekwisha kupita miaka 90, akamkuta akili yake bado inaufuata uchunguzi.

Kisha likafanywa lile jaribio ambalo Daktari Okamoto alilitamani tangu ujana wake. Wanawake 20,060 waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua waliandikishwa katika hospitali 193 za nchi 21. Uandikishaji huo ulianza Machi 2010, ukamalizika Aprili 2016, mwezi ule ule aliofariki. Matokeo yalitangazwa Aprili 2017, naye yuko kaburini mwaka mzima. Yalionyesha kwamba katika wanawake waliopewa dawa ndani ya muda wa saa 3 tangu kujifungua, waliokufa kwa kutokwa damu walikuwa 12 katika kila 1,000, badala ya 17 waliokufa bila ya dawa hiyo. Yaani karibu theluthi moja ya vifo hivyo ilizuiwa. Wala haikuonekana kwamba dawa iliwaletea akina mama hao madhara ya damu kuganda mahali pasipofaa. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba mama anayetokwa damu kupita kiasi baada ya kujifungua apewe dawa hii mapema, pamoja na matibabu mengine.

Sasa wako watakaouliza: habari za Tokyo na Kobe zatuhusu nini sisi? Twajibu kwamba zatuhusu sana. Katika nchi zile 21 zilizofanya jaribio hilo zilikuwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Akina mama wa Afrika ya Mashariki walikubali kuandikishwa. Wauguzi, wakunga na madaktari wetu waliandika hesabu, walichoma sindano na kukesha usiku. Ujuzi ulioenea duniani mwaka 2017 haukuletwa kwetu kama zawadi kutoka ng'ambo. Sehemu yake ilitoka kwetu, imelipiwa kwa jasho la watu wetu na kwa imani ya mama zetu. Mtu aliyetoa mbegu ana haki ya kuuliza habari za mavuno.

Katika habari hii twaona mafunzo mawili, nasi twayaweka mbele ya wanachama na wafanyakazi.

La kwanza ni juu ya dharau. Dawa ilichelewa kwa akina mama kwa sababu wenye vyeo hawakumsikiliza mtu waliyemwona kuwa mdogo. Je, sisi hatuna desturi hiyo? Ni mara ngapi muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi husema neno la kweli katika kikao cha hospitali, na neno lake likapita kama upepo kwa kuwa hana cheo? Ni mara ngapi mfanyakazi mwanamke kiwandani huonekana mzigo anapokuja na mtoto, badala ya kiwanda kuonekana kina upungufu kwa kutokuwa na mahali pa kulelea watoto? Chama kilichosimama juu ya usawa wa binadamu hakiwezi kuimba usawa jukwaani na kuusahau ofisini. Hatusemi kwamba kila neno la kila mtu ni sahihi. Twasema kwamba neno lipimwe kwa uzito wake, si kwa vazi la msemaji. Hivyo ndivyo sayansi yenyewe inavyotaka, na hivyo ndivyo chama chetu kinavyotaka.

La pili ni juu ya wakati. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka habari ya mwanamke aliyeteseka kwa kutokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hana miaka 12. Hana hata siku moja. Wataalamu walipokusanya hesabu za wagonjwa zaidi ya 40,000, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2018, waliona kwamba kila dakika 15 zinazopotea hupunguza faida ya dawa hii kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi, na baada ya saa 3 faida yenyewe hutoweka. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Na katika jambo hili, aliyechelewa atamkuta mwana hana mama.

Maana ya hesabu hiyo ni wazi. Dawa iliyofungiwa katika hospitali ya mkoa haimfai mama aliye safari ya nusu siku kutoka hapo, katika mvua, juu ya barabara mbovu. Dawa inayongoja saini ya mkubwa aliyekwenda kula chakula cha mchana si dawa. Ni lazima iwe karibu na kitanda cha uzazi, na mkunga aliyefunzwa aijue, aruhusiwe kuitumia, wala asiadhibiwe kwa kuokoa maisha kabla ya kujaza karatasi.

Wala si dawa peke yake. Hatutaki mtu yeyote afikiri kwamba chupa moja inatosha. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, nalo liliwahusu wanawake zaidi ya 200,000. Humo wakunga walipewa shuka ya plastiki yenye alama za kupimia damu inayotoka, ili wasikadirie kwa macho. Damu ilipozidi kiasi, walifanya mambo yote kwa pamoja: kuusugua mfuko wa uzazi, kutoa dawa ya kuukaza, kutoa asidi ya traneksamiki, kutia maji mshipani, na kutafuta chanzo cha damu. Wanawake waliofikia hali mbaya walipungua kwa 60 katika kila 100. Shuka, mikono, dawa, maji na macho. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji jumba la ghorofa kumi. Vyahitaji mpango, mafunzo na ghala lisilokauka.

Yatupasa pia kusema la tahadhari. Katika mwaka huo huo wa 2023 lilitolewa jaribio la wanawake 15,000 wenye upungufu wa damu wa wastani au mkubwa, wa Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia. Lilionyesha kwamba kuwapa dawa hii mara tu wanapojifungua, kabla damu haijazidi kutoka, hakukuwazuia wasipate ugonjwa huo. Kwa hiyo si dawa ya kugawa ovyo, wala si ya kununua dukani na kujitibu nyumbani. Na mama mwenye upungufu wa damu atafutiwe tiba ya upungufu huo wakati wa ujauzito wake, kwa chakula na kwa dawa zake.

Wako wenzetu watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu, chama kiyaache. Twawaheshimu wataalamu, lakini hatukubali. Wataalamu wa uzazi wa siku zile walikuwa na elimu yote. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza kwa nini. Kazi ya chama ni kuuliza. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila tawi, pamoja na akina mama wa tawi hilo, liende katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwa adabu na bila kelele, likaulize maswali manne. Dawa hii ipo? Nani amefunzwa kuitumia? Ikiisha, hupita siku ngapi kabla ya nyingine kufika? Na mama akizidiwa usiku, gari litatoka wapi? Majibu yaandikwe, yasomwe katika mkutano, kisha yapelekwe ngazi ya juu. Na vyama vya wafanyakazi, ambavyo wanachama wake wanawake wamo mashambani, viwandani na maofisini, visiyaone maswali haya kuwa ni ya watu wengine.

Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 70,000 hufa kila mwaka duniani kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, na walio wengi ni wa nchi maskini. Hawafi kwa sababu elimu imeshindwa. Elimu ilikwisha tangazwa mwaka 1962 na mama aliyembeba mtoto mgongoni katika mji uliokuwa umeungua. Kuchelewa kwa kwanza kulitokana na wale waliomcheka, na historia imekwisha wahukumu. Kuchelewa kwa pili, yaani kule kunakotokea leo kati ya ghala na kitanda cha mama, hakuwezi kusingiziwa Wajapani wala wakoloni. Hukumu yake itatuangukia sisi.